Popo, Buibui au Walinzi: gemu ipi kwa mwenye pesa za diski moja?

Siku ya pili ya Idi, mpwa wangu alinijia bandani na pesa zake za sikukuu zimekunjwa ndani ya kofia. "Mjomba, ninunue ipi?" Banda langu liko Kisauni, televisheni nne na viti vya plastiki, na wateja wangu karibu wote ni wa mpira: wanalipa kwa mechi, wanakejeliana kidogo, wanaondoka. Lakini kila baada ya siku kadhaa huja kijana asiyetaka mpira. Anataka gemu ya stori, akae na shujaa wake, alipe kwa saa. Huyo naye huniuliza swali la mpwa wangu, na ndiye ninayemwandikia hapa.

Mpwa alikuwa ameshapunguza orodha hadi tatu, zote za mashujaa waliotoka kwenye vitabu vya katuni vya Marekani: Batman, Spider-Man na Guardians of the Galaxy. Sisi tunawaita Popo, Buibui na Walinzi. (Dada yangu aliposikia kwenye simu kwamba mwanawe anataka kununua buibui, aliuliza la nani, na kwa nini asingojee yeye akamchagulie kitambaa.)

Nimezimaliza zote tatu, lakini zaidi nimewatazama wengine wakizicheza, na huko kutazama ndiko kulikonifundisha. Gemu hizi zimetengenezwa kwa mtu mmoja na pedi moja, ila kwetu hakuna sebule yenye mtu mmoja. Pana mdogo wako anayengoja zamu, binamu aliyekuja kulala, mama anayepita na sinia. Ndiyo maana sijali sana shujaa yupi ana nguvu zaidi. Najali zaidi nani atakuwa amekaa kwenye mkeka kando yako.

Tunazilinganisha zipi hasa

Popo ni mfululizo wa Batman: Arkham, kazi ya studio ya Rocksteady ya London. Arkham Asylum ilitoka 2009, Arkham City 2011, Arkham Knight 2015. Katikati, 2013, ikaja Arkham Origins ya studio nyingine, ya Montréal. Mbili za kwanza zilifungwa pamoja 2016 kwa ajili ya mashine za PS4 na Xbox One zikaitwa Return to Arkham, na huo ndio mlango rahisi wa kuingilia.

Buibui ni Marvel's Spider-Man ya Insomniac, studio ya California, iliyotoka Septemba 2018. Nduguye mdogo ni Miles Morales, Novemba 2020. Ipo pia Spider-Man 2 ya 2023, lakini kwenye mashine za Sony hiyo inataka PS5, na wengi wanaokuja kwangu bado wana PS4, kwa hiyo nitaiacha kando.

Walinzi ni Marvel's Guardians of the Galaxy ya Eidos-Montréal, Oktoba 2021. Wengi huipita dukani kwa sababu mwaka uliotangulia kulikuwa na gemu nyingine ya kikosi cha Marvel iliyojaa vitu vya kununua ndani, wakadhani hii ni ile ile. Siyo. Hapa ukishanunua umenunua.

Zote tatu zina stori zao wenyewe, hazikunakili filamu wala kitabu kimoja. Batman yupo kwenye katuni tangu 1939, Spider-Man tangu 1962, na kikosi hiki cha Walinzi tunachokijua leo kilikusanywa 2008. Huna haja ya kusoma hata ukurasa mmoja ndipo ucheze.

Nitazipima kwa mambo yale yale: zinavyokaa mkononi, stori na Kiingereza chake, hali ya anayekaa pembeni, mashine na uzito wa gemu, kisha muda, maana muda wetu una stima zinazokatika ndani yake.

Mkononi

Batman anapigana kwa mdundo. Kitufe cha mraba ni ngumi, cha pembetatu ni kuzuia na kurudisha, cha duara ni kumpiga mtu joho la uso ashikwe na kizunguzungu. Adui akitaka kukushambulia, alama za buluu humulika juu ya kichwa chake. Hapo ndipo unapobonyeza pembetatu. Ukiwahi umekosea, ukichelewa umekosea. Anayebofya ovyo kama anayetwanga pilipili atapigwa, hesabu ya mapigo itarudi sifuri, na atanirudishia pedi akidai imeharibika. Aliyeshika mdundo anaweza kuwazunguka watu 15 bila kuguswa, na raha hiyo sijaipata kwingine.

Nusu ya pili ya gemu ni subira tupu. Unaingia ukumbi wenye watu wa bunduki, na Batman ni binadamu, risasi chache zinamtosha. Basi unapanda juu ya sanamu za mawe, unakaa kimya, unawachukua mmoja mmoja. Ukiwasha macho ya upelelezi unaona mapigo ya moyo ya waliobaki yakipanda kila wanapomkuta mwenzao amening'inizwa. Na kwenye Arkham City kuna pambano la Mr. Freeze ambalo nadhani ndilo bora la mfululizo mzima: kila hila inamwingia mara moja tu, ukiirudia ameshajifunza. Vijana waliozoea kukimbilia kona ile ile uwanjani wakapata bao lile lile hukwama hapo jioni nzima.

Arkham Knight iliongeza gari. Gari lenyewe tamu, ila linageuka kifaru na kupigana na vifaru vingine, mara nyingi kupita kiasi. Wapo wanaolipenda. Mimi nililichoka kabla ya katikati.

Kwa Buibui, kupigana kunafanana na kwa Batman kiasi cha kuona ukoo, ila badala ya kuzuia unakwepa, na unapigana hewani: unamrusha mtu juu, unamfuata, unamgandisha ukutani kwa utando. Lakini ngumi siyo sababu ya kuinunua. Sababu ni kusafiri. Unashikilia kitufe cha R2, uzi unanata kwenye jengo, unabembea, unaachia wakati unapanda, unashika tena. Uzi unataka kitu halisi cha kushika. Ukifika bustani kubwa katikati ya Manhattan, New York, ambako hakuna maghorofa, unaburura miguu karibu na nyasi. Ndiyo maana huwa nawaambia wateja kwamba Buibui akiletwa Mji wa Kale atatembea kwa miguu kama sisi, labda aruke mabati mawili matatu na kumwangukia mtu kwenye viazi karai vyake. Ukianguka kutoka juu kabisa hufi, hata huumii, na hilo moja tu linamfanya mtoto asiogope kujaribu.

Kasoro zipo. Kuna sehemu unamwendesha Mary Jane, mwandishi wa habari, ukinyata nyuma ya masanduku, na mwendo wote unakatika. Uhalifu wa mitaani pia unajirudia. Wizi wa gari wa kumi haukufundishi chochote ambacho wa pili haukukufundisha.

Walinzi ni jambo jingine. Wako watano, lakini unamwendesha mmoja, Peter Quill mwenye bastola mbili, na wengine unawaagiza. Gamora anachoma mmoja kwa nguvu, Drax anamlegeza mkubwa, Rocket anarusha mabomu kwenye kundi, Groot anawafunga kwa mizizi. Ni kazi ya nahodha anayecheza huku akipiga kelele. Saa za mwanzo ni nzito, bastola zinahisi kama za maji, na hapo wengi huiacha. Baadaye zinapata barafu, umeme na mengineyo, na fujo inaanza kuwa na maana. Katikati ya vita unaweza kuwaita wakusanyike kama timu kabla ya kipindi cha pili: wanakwambia wanahisi nini, wewe unachagua maneno ya kuwajibu, kisha wimbo wa miaka ya 1980 unalipuka. Ukiwasoma vizuri wote wanapata nguvu. Ukiwasoma vibaya unapata peke yako. Hakuna mji wa kuzurura. Njia ni moja, mbele.

Stori na Kiingereza chake

Hakuna hata moja kati ya hizi yenye Kiswahili. Washa maandishi ya chini tangu mwanzo, usione haya.

Arkham Asylum iliandikwa na Paul Dini, aliyewahi kuandikia katuni ya televisheni ya Batman iliyoanza 1992, na sauti ni zile zile za katuni hiyo: Kevin Conroy, aliyefariki Novemba 2022, ndiye Batman, na Mark Hamill ndiye Joker. Stori ni ya usiku mmoja: Joker amekamatwa, amepelekwa kisiwani kwenye hospitali ya wahalifu wenye wazimu, na kumbe kukamatwa kwake ndiko alikokutaka. Kiingereza ni kifupi na macho yanakusaidia. Asiyeelewa nusu ya maneno bado ataelewa kila kitu.

Kuna sehemu moja lazima niisimulie, ingawa nitaiharibu kidogo. Adui aitwaye Scarecrow anatumia gesi ya kuwatisha watu, na mara ya tatu gesi hiyo inakushika wewe mwenye pedi: picha inavurugika, sauti inakwama, gemu inaonekana imejizima na kuanza upya. Mteja wangu mmoja alisimama wima, mikono juu, akaapa kwa Mola wake hajagusa waya wowote. Nami nilikuwa nimeshainuka kwenda kuangalia soketi.

Peter Parker wa 2018 ana miaka 23, amekuwa Buibui kwa miaka minane, na anafukuzwa chumbani kwa sababu hajalipa kodi. Hapo tu Mombasa nzima imeshamwelewa. Anafanya kazi maabara kwa mwalimu anayempenda na ambaye hana cha kumlipa, na shangazi yake May anahudumu kwenye makao ya kulisha wasio na makazi. Wabaya wa gemu hii hawakuzaliwa wabaya. Unawaona wakigeuka, na mmoja wao unampenda hadi dakika ya mwisho. Mwisho wake umewaliza watu bandani kwangu, na sitawataja. Miles Morales ni fupi na nyepesi zaidi: kijana aliyehamia Harlem na mamake anayegombea udiwani, theluji, sherehe, rafiki wa zamani anayerudi na siri. Kihispania kinachanganywa na Kiingereza kama sisi tunavyochanganya, kwa hiyo hakichoshi.

Walinzi wanaongea. Wanaongea wakitembea, wakipigana, wakila, na wanakatizana. Sura 16 za maneno, na kwa maneno hayo walishinda tuzo ya masimulizi bora kwenye The Game Awards ya 2021. Chanzo cha mambo ni faini: wamekamatwa na polisi wa anga, hawana pesa, basi wanapanga utapeli wa kumuuza mmoja wao kwa mwanamke tajiri anayekusanya viumbe, kisha wamtoroshe. Nani auzwe, Rocket au Groot? Unachagua wewe, na mambo yanakwenda tofauti. Chini ya kelele hizo kuna stori ya watu waliofiwa wasiotaka kukubali kwamba wamefiwa, na sikuitegemea. Lakini Kiingereza chake kinakimbia, mizaha mingi ni ya maneno, na maandishi ya chini yanapita kabla hujamaliza kusoma. Asiyekisikia vizuri atabaki na picha nzuri za sayari.

Anayekaa pembeni

Hapa ndipo maduka hayakusaidii, kwa sababu anayekuuzia hakai sebuleni kwenu.

Buibui ndiyo rahisi kugawana. Mji umejaa kazi za dakika mbili tatu: uhalifu mmoja, begi moja kati ya mabegi 55 ambayo Peter aliyasahau kwenye kuta za mji, mbio moja. Watoto wa jirani waliweka sheria yao wenyewe bandani, kwamba ukimaliza tukio moja unatoa pedi, na sijawahi kuwaamua ugomvi. Hata asiyepata zamu anafurahia kutazama kubembea. Nyanya mmoja aliyekuja kumtafuta mjukuu wake alikaa kiti cha plastiki dakika kumi, akauliza kama huyo kijana hana mama.

Batman hagawiki kirahisi. Ukimpa mwingine pedi katikati ya ukumbi wa bunduki, ameuharibu. Lakini mtazamaji mmoja makini ni mali: yeye ndiye anayepiga kelele "nyuma yako!" na ndiye anayefumbua mafumbo ya Riddler, adui anayetega vitendawili, ambayo mwenye pedi ameyapita mara nne. Arkham Knight ina changamoto 243 za huyo Riddler, na mwisho kamili wa stori huuoni mpaka uzimalize zote. Peke yako ni adhabu. Wawili, mmoja akihesabu, ni mchezo wa likizo nzima. Umri ni jambo la kuangalia. Bodi ya Marekani inayopanga umri, ESRB, iliweka Asylum na City kwenye kundi la vijana wa miaka 13 kwenda juu, na Knight 17. Hata hizo za kwanza, maiti zipo, matusi ya wafungwa yapo, na Poison Ivy na Catwoman wamevaa mavazi ambayo mama akipita na mahamri utajikuta unageuza kamera uangalie ukuta.

Walinzi wana kundi la vijana kama Buibui. Matusi yao mengi ni ya kubuniwa, maneno ya anga yasiyo na maana duniani, ingawa mtoto atayabeba shuleni hivyo hivyo. Uzuri wake kwa mtazamaji sikuutarajia. Kwa kuwa kila mara unaulizwa umjibu nini huyu, umtetee yule au unyamaze, mtu asiyeshika pedi kabisa anakuwa mchezaji. Nilipoicheza nyumbani mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, mke wangu aliyaamua mazungumzo yote, na mimi nikabaki wa kufyatua bastola. Kwa maoni yake Drax ndiye pekee mwenye adabu.

Mashine, diski na bando

Kabla ya mapenzi, angalia mashine iliyo chini ya televisheni. PS3 na Xbox 360 zinacheza Asylum, City na Origins, lakini Buibui wa Insomniac na Walinzi hawapo huko. PS4 inacheza zote isipokuwa Origins. PS5 yenye tundu la diski pia, kwa kuwa inakubali diski za PS4. Mwenye Xbox hana Buibui, ana Popo na Walinzi. Kwenye Switch, mashine ya Nintendo, Arkham tatu zilifika Desemba 2023, ila Knight ilikwenda kwa kuchechemea.

Kwenye laptopu tofauti ni kubwa. Asylum inataka kama GB 9 za nafasi na ni ya 2009, basi hata laptopu ya ofisini yenye kadi ya grafiki ya wastani inaweza kuibeba. City ni kama GB 17, Knight 45. Knight ya kompyuta ilitoka mbovu sana Juni 2015 hata ikaondolewa sokoni, ikarudi Oktoba, leo imetulia. Buibui alifika kwenye kompyuta Agosti 2022 na anataka GB 75. Walinzi nao ni wazito, wanahitaji mashine ya kisasa. Ukipiga hesabu ya kushusha GB 75 kwa bando la simu, utagundua kwamba diski iliyotumika ni rahisi kuliko "bure" ya rafiki yako.

Na diski ina faida nyingine: ukimaliza unaibadilisha na mtu. Buibui inashika bei kwa sababu kila mtoto anaijua. Walinzi haikuuza kama ilivyotarajiwa, bei yake ikashuka mapema, kwa hiyo unaipata kwa pesa kidogo lakini kuiuza tena kutakuchukua wiki. Return to Arkham ni gemu mbili kwa pesa ya moja. Geuza diski kwenye mwanga kabla hujalipa, na umwambie muuzaji aiweke mashineni mbele yako mpaka iingie kwenye stori. Ukurasa wa kwanza hautoshi.

Neno kuhusu joto. Miezi ya kaskazi PS4 hulia kama feni ya kinyozi, na mji mkubwa wa Buibui huilisha kazi zaidi kuliko kumbi za Asylum. Itoe kabatini, ipulize vumbi, isiwekwe kando ya dirisha linalopokea upepo wa chumvi.

Muda, na stima ikikatika

Kwa mchezaji wa kawaida, stori ya Asylum inakwisha kwa saa kama 12, Buibui na Walinzi zinapita 15, Miles haifiki 10. Popo na Buibui zinaongezeka sana ukifuata vya pembeni. Walinzi zikiisha zimeisha.

Zote hujihifadhi zenyewe, hivyo stima ikikatika hupotezi kila kitu. Unachopoteza kinategemea ulikuwa wapi. Kwa Buibui ni tukio dogo. Kwa Batman ni ukumbi mzima uliokuwa umebakiza mtu mmoja. Mimi nimekatikiwa hivyo usiku mmoja kwenye City, nikakaa gizani na pedi mkononi bado inawaka taa. Kwa Walinzi ni mazungumzo marefu utakayoyasikia upya, na mzaha wa pili si mtamu. Na kama unacheza bandani, popote pale, mwombe mwenye banda akufungulie akaunti yako kwenye mashine. Vinginevyo mteja wa kesho ataanza gemu mpya juu ya yako, na hakuna wa kumshtaki.

Kwa hali yako

Ikiwa nyumba ina watoto na pedi ni ya kupokezana, chukua Buibui. Kwa walio chini ya miaka kumi na mitatu kaa nao, au anza na Miles ambayo ni fupi, wasipoipenda hujapoteza sana. Miles inafaa pia kwa anayefanya kazi ya zamu bandarini na ana jioni mbili tu kwa wiki.

Ukiwa na PS3 ya kaka aliyehamia Nairobi, au laptopu ya zamani, jibu limeshajileta: Popo, anza na Asylum kabla ya City, maana ya pili inaendeleza ya kwanza. Hata mwenye PS5, ikiwa ni mtu wa kukaa kimya na kupanga, asiyekasirika akirudia chumba mara tano, Popo itamfaa kuliko zile mbili. Knight iwe ya tatu, na iwe ya mtu mzima.

Unayependa kusikiliza stori, Kiingereza hakikusumbui, na una mtu wa kukaa naye asiyejua kucheza lakini ana maoni juu ya kila mtu: Walinzi. Vumilia sura tatu za mwanzo kabla ya kuhukumu. Lakini usimnunulie kijana anayetaka kuzurura. Atafika kwenye mlango uliofungwa akuulize kwa nini haufunguki.

Na kama umetoka kwenye mpira tu, hujawahi kugusa gemu ya stori, ningekuweka kwanza saa moja kwenye Buibui na saa moja kwenye Asylum, bandani, kabla ya kununua chochote. Mkono wako utakwambia haraka kuliko mimi. Wapo waliotoka hapo wakasema mpira unawatosha, na hilo pia limewaokolea pesa.

Mpwa alisikiliza yote haya akitafuna mabuyu. Kisha nikamuuliza swali nililopaswa kuanza nalo: PS4 ya kwenu ni ya nani hasa? Akasema ni yake. Na televisheni? Akanyamaza kidogo. Televisheni ni ya dadake, na dadake huwa anaangalia tamthilia zake kuanzia saa mbili za usiku. Akakunja pesa tena ndani ya kofia, akaenda kumuuliza anapenda stori za aina gani.